Mizani Ikigoma, Leja Ifunguliwe

Hapana mtumishi wa umma aliyewahi kukabidhiwa bohari asiyelijua jambo hili: hesabu zikikataa kulingana, hatua ya kwanza si kumfukuza mtunza bohari wala kuagiza shehena nyingine, bali ni kufungua leja na kuhesabu upya kilichoingia na kilichotoka. Kanuni hiyo, ambayo kila karani huizingatia kwa mifuko ya saruji na madaftari ya shule, husahauliwa papo hapo linapofika suala la mwili wa karani mwenyewe. Uzito wake hushuka kwa miezi mitatu, halafu hugoma. Hapo hafungui leja yoyote. Ama hukata tamaa, ama hujiadhibu.

Yafaa suala hili lizungumzwe waziwazi, kwa sababu wanaokwama njiani ni wengi kuliko wanaokiri, na kwa sababu aghalabu mtu huyaacha mazoezi katika wiki zile zile ambazo yangeanza kumfaa zaidi.

Butimba, kusini mwa kitovu cha jiji la Mwanza, ni mahali panapofaa kulitazama. Hapo pana chuo cha ualimu ambacho jina lake limehusishwa kwa muda mrefu na michezo, muziki na sanaa. Pana gereza, pana shule, pana watumishi waliohamishiwa huko kutoka pembe mbalimbali za nchi, na Ziwa Victoria haliko mbali. Mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Tangu hapo mchakamchaka, ambao watu wazima walikuwa wameuacha shuleni pamoja na kaptura zao, ulianza kurudi barabarani. Kitambi, ambacho zamani kilikuwa cheo kisicho na barua ya uteuzi, kikaanza kuonewa haya.

Hayo hayakuja bila sababu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004–05 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 18 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uchunguzi wa mwaka 2015–16 ulikuta idadi hiyo imefika 28. Kisukari na shinikizo la damu hufuata nyuma ya takwimu hizo kama mkia unavyofuata mbuzi, na anayelipa ni familia ya mwalimu, darasa lake lililobaki bila mwalimu, na hospitali zilizokwisha kuelemewa na maradhi mengine.

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu wa kike mwenye miaka 40, urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 92. Mwezi Januari anaamua. Anapunguza ugali, anaacha soda, anatembea kwenda kazini badala ya kupanda bodaboda, na asubuhi tatu kwa wiki anachuchumaa na kuinuka uani akiwa amekumbatia ndoo ya maji ya lita 20. Mwezi Aprili mizani inasoma kilo 84. Majirani wanaona. Gauni la Idi au la Pasaka linahitaji kubanwa. Kisha mizani inasimama: wiki mbili, wiki nne, wiki sita, kilo 84 ile ile, na pengine siku moja inapanda kilo nzima bila sababu inayoonekana.

Jambo la kwanza ambalo mwalimu huyo hana budi kuambiwa ni kwamba hajashindwa. Mwaka 2002 zilitangazwa nchini Marekani habari za utafiti mkubwa uliowashirikisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari. Kundi lililofundishwa kula vema na kufanya mazoezi liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito. Kwa wastani wa takriban miaka mitatu, watu wa kundi hilo walipungua kilo 5.6, na uwezekano wao wa kupata kisukari ukashuka kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa mafunzo hayo wala dawa. Mwalimu wa mfano huu amepungua kilo 8, yaani zaidi ya asilimia 8. Amekwisha kuvuka mto ambao aliambiwa auvuke, lakini kwa kuwa macho yake yako kwenye namba ya 70 aliyojiandikia ukutani, anajiona bado yuko ng'ambo ya pili akilia.

Pamoja na hayo, ikiwa bado ana kilo za kupunguza, ana haki ya kujua kwa nini zimegoma.

Sababu moja ni ya haki kabisa. Mwili mdogo ni rahisi kuuendesha kuliko mwili mkubwa, kama pikipiki inavyotumia petroli kidogo kuliko lori. Mwenye kilo 84 akipanda mlima wa Butimba habebi tena zile kilo 8 alizozibeba mwezi Januari, kwa hiyo safari ile ile humgharimu nishati pungufu. Isitoshe, mwili hubana matumizi hata kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wake mpya. Rudolph Leibel na wenzake walilipima jambo hilo hospitalini huko New York na kulitangaza mwaka 1995: aliyepungua asilimia 10 ya uzito wake huwaka kwa moto mdogo kuliko mtu wa ukubwa huo huo ambaye hakuwahi kupungua. Mwili haujui kwamba mwenyewe anatafuta afya. Unadhani ni njaa, nao umezaliwa katika ukoo wa watu walioishi kwa sababu walijua kukabili njaa. Watu wa Kanda ya Ziwa, ambao mababu zao walikausha viazi vikawa michembe na matobolwa ili wavuke miezi mibaya, hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Lakini sababu hiyo haitoshi. Watu wengi hupenda kuishia hapo, maana ni faraja kusema kwamba mwili umegoma wenyewe. Hesabu hazikubali. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet kanuni iliyo rahisi kukumbuka: mtu mzima akipunguza kalori 24 kwa siku, na kuendelea hivyo, hatimaye hupungua kilo moja. Nusu ya upungufu huo huja katika mwaka wa kwanza, na takriban wote huwa umekamilika baada ya miaka mitatu. Maana yake ni kwamba mwili ukiachwa ufuate mwendo wake huendelea kushuka polepole kwa muda mrefu. Hausimami ghafla mwezi wa tatu au wa nne. Panaposimama ghafla, pana mambo mawili ya kuchunguza: ama chakula kimerudi kwa mlango wa nyuma, ama mafuta yanaendelea kupungua lakini kuna kitu kinayafunika yasionekane mizanini.

Kuhusu mlango wa nyuma, kuna utafiti mmoja ambao ungestahili kubandikwa katika kila kantini ya ofisi. Mwaka 1992 Lichtman na wenzake, nao wa New York, waliwachunguza watu 10 wanene waliokuwa wakiapa kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui. Uchomaji wa chakula katika miili yao ulikutwa hauna kasoro. Kilichokutwa na kasoro ni taarifa. Walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichokiandika, na mazoezi waliyoyaandika yalizidi ya kweli kwa nusu nzima. Watu hao hawakuwa waongo. Waliamini walichokisema, na ndiyo maana hakuna bohari inayoendeshwa kwa kumbukumbu za kichwani.

Mwalimu wa Butimba aifungue basi leja yake. Ugali ameupunguza, hilo ni kweli, na soda ameiacha. Lakini chai ya ofisini je? Vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 48 za sukari, karibu kalori 190. Samaki je? Sato ni chakula bora kabisa, lakini sato wa kuchemshwa na sato aliyezamishwa ndani ya karai la mafuta si samaki mmoja kwa hesabu hizi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120. Na hiyo michembe ambayo mama mkwe ameileta kutoka kijijini, inayotafunwa wakati wa kusahihisha madaftari kana kwamba ni hewa? Kiazi kikikaushwa hupoteza maji, hakipotezi nishati. Gramu 100 za kiazi kikavu zina takriban mara nne ya nishati iliyomo katika gramu 100 za kiazi kibichi. Hapo haijatajwa mwiko unaorambwa jikoni, wala makombo ya watoto yanayomaliziwa kwa kuogopa kutupa chakula, wala pilau ya harusi ya kila Jumamosi, ambayo mtumishi wa umma huihesabu kuwa ni wajibu wa kijamii na si mlo.

Mafuta ya kula yanastahili kusimama peke yake, kwa kuwa ndiyo yanayojificha kuliko yote na ndiyo yaliyo rahisi kuliko yote kuyakamata. Haihitajiki mizani ya dhahabu. Dumu la lita tano liandikwe tarehe siku linapofunguliwa, na tarehe siku linapoisha. Nyumba ya watu watano inayolimaliza kwa siku 30 inampa kila mtu zaidi ya mililita 33 kwa siku, yaani kalori zipatazo 275 zisizoonekana sahanini. Dumu hilo likifika siku 45, kila mmoja amepunguziwa kalori 90 hivi bila kuondolewa tonge hata moja. Kwa kanuni ya Hall, hizo ni karibu kilo nne kwa miaka mitatu, na karibu mbili kati ya hizo huondoka mwaka wa kwanza. Na fedha iliyobaki dukani, kwa bei za mafuta zilivyo, haihitaji kuhesabiwa na mwanauchumi.

Jambo la pili, lile la kitu kinachofunika, linawahusu hasa wanaonyanyua vyuma, mawe au ndoo. Misuli inayofanyishwa kazi huhifadhi wanga kwa ajili ya kazi ya kesho, na kila gramu moja ya wanga huo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Misuli iliyochoshwa kwa zoezi jipya huvimba kidogo wakati inapojengwa upya. Chumvi ya dagaa huvuta maji. Kwa wanawake, mzunguko wa mwezi unaweza kuongeza kilo moja au zaidi ya maji kwa siku kadhaa, kisha yakaondoka. Hivyo mtu anaweza kupoteza nusu kilo ya mafuta katika mwezi na mizani isiseme kitu, maana mahali pa mafuta yaliyotoka yameingia maji na nyama mpya. Mizani hupima mkokoteni pamoja na mizigo yake yote bila kuuliza umebeba nini. Futi ya fundi cherehani huuliza. Kiuno kikipungua sentimita mbili na kilo zikabaki pale pale, mpango haujakwama hata kidogo.

Basi mwalimu huyo hufanya nini badala ya kuchukua futi? Hufanya mojawapo ya mambo matatu, na yote ni mabaya kwa viwango tofauti.

Wa kwanza hununua chai ya kupunguza uzito kwa mchuuzi wa stendi. Chai nyingi za namna hiyo kazi yake ni kuharisha. Kinachotoka ni maji, nayo hurudi mtu anapokunywa maji. Haya yatoshe.

Wa pili huacha kula usiku, kisha huacha na mchana. Huyu anastahili huruma kuliko lawama, kwa sababu anafanya juhudi, ila juhudi yake inamla yeye mwenyewe. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwaweka vijana 36 wa kiume, waliojitolea, katika njaa ya nusu mlo kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na pamoja na mafuta walipoteza misuli, nguvu, uchangamfu na hamu ya kila kitu isipokuwa chakula. Walikuwa wakisoma vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, walikula bila kushiba kwa muda mrefu, na mafuta yalirudi haraka kuliko misuli. Ndivyo anavyokuwa mtu anayejinyima hadi ashindwe: hukonda kwa kupoteza vyote viwili, hunenepa kwa kurudishiwa kimoja. Baada ya safari tatu za namna hiyo anaweza kuwa na kilo zile zile 92 za mwanzo, ila ndani yake mna nyama kidogo na kile ambacho vijana wa mjini hukiita nyama uzembe kwa wingi.

Wa tatu hutupa ndoo na kuanza kukimbia kila siku, akiamini kwamba jasho ndilo mafuta yanayotoka. Huyu anasaidiwa na ofisi yake, kwa kuwa katika mabonanza mengi mazoezi maana yake ni mbio, na mbio peke yake. Hapa nchini Tanzania penyewe limepatikana jibu lililowashangaza wataalamu wa dunia. Mwaka 2012 Herman Pontzer, pamoja na wenzake akiwamo Mtanzania Audax Mabulla, walitangaza matokeo ya kupima nishati wanayoitumia Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, kwa njia ya kunywesha maji yenye alama na kuyapima yanapotoka. Wanaume wa Kihadzabe walikuwa wakitembea takriban kilomita 11 kwa siku, na wanawake takriban 6. Ilitarajiwa kwamba wangekutwa wanachoma nishati nyingi mno kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa vitini. Ukubwa wa miili ulipozingatiwa, tofauti haikuonekana. Mwili wa Mhadzabe hupanga bajeti yake: ukitumia zaidi miguuni, hubana kwingineko.

Pasiwe na mtu wa kulitumia jambo hilo kama hati ya kulala. Wahadzabe wana mioyo yenye afya ambayo mkurugenzi yeyote angeitamani, na mazoezi hushusha shinikizo na sukari ya damu hata pale ambapo hayashushi kilo. Ila ni dhahiri kwamba anayetaka kuuvunja mgomo wa mizani kwa kuongeza kilomita peke yake anachota ziwa kwa kikombe. Jikoni ndiko kilo zinakopungua. Kazi ya mazoezi ya nguvu ni nyingine, nayo ni kubwa: kuhakikisha kwamba kinachopungua ni mafuta wala si misuli. Kuitupa ndoo wakati uzito unapogoma ni sawa na kumwondoa mlinzi ghalani siku ambayo wezi wameonekana mtaani.

Lakini ndoo yenyewe ina kasoro moja, na pengine ndiyo kiini cha mkwamo wa wengi. Lita 20 zilizokuwa mzigo mwezi Januari, mwezi Aprili ni mazoea. Mwili uliokwisha kuzoea kazi hauoni sababu ya kujenga chochote kwa ajili yake. Mpagazi wa Mwaloni aliyeanza na gunia moja la dagaa hakuwa na nguvu kwa kubeba gunia hilo hilo jepesi maisha yake yote. Mzigo hauna budi kuongezwa kidogo kidogo: mara 8 ziwe 10, mara 10 ziwe 12, kisha mzigo uongezwe na hesabu ianze tena. Asiye na fedha ya kulipia ukumbi wa vyuma asilalamike mbele ya watu wa Mwanza, mji ambao umejengwa juu ya miamba. Mawe ya kila ukubwa yako nje ya mlango, na mfuko wa mchanga hushonwa kwa gunia kuukuu. Kuchuchumaa na mzigo, kuinua mzigo kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, kuusukuma juu ya kichwa, kuuvuta kuelekea kifuani, na pushapu kwa kuegemea meza kwanza na sakafu baadaye: siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, alimradi kila mwezi kinachoinuliwa kiwe kizito kuliko mwezi uliopita. Wanawake wanaoogopa kupata mabega ya kiume waondoe hofu. Mabega hayo hutafutwa kwa miaka na wanaoyataka, na wengi wao hawayapati.

Misuli nayo hujengwa kwa protini, na hapa wakazi wa ufuko wa ziwa wana bahati ambayo hawaitumii vya kutosha. Wataalamu hupendekeza gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa mtu anayepungua huku akifanya mazoezi ya nguvu, asiye na maradhi ya figo. Dagaa wakavu gramu 100 hutoa zaidi ya gramu 50. Maharage, mayai, maziwa ya mgando na sato wa kuchemshwa hukamilisha zilizobaki. Chakula hicho hushibisha kuliko chapati, na mtu aliyeshiba hatafuti michembe saa nne usiku.

Saa nne usiku yenyewe ina neno lake. Mwaka 2010 ulitangazwa utafiti mdogo lakini wenye mafundisho. Watu 10 walikula chakula pungufu kwa siku 14 wakilala saa nane na nusu, na siku 14 nyingine kwa chakula hicho hicho wakipewa saa tano na nusu tu. Kilo walizopoteza zililingana. Lakini walipolala kidogo, mafuta yaliyopotea yalipungua kwa zaidi ya nusu, na badala yake iliondoka nyama. Mizani haikuona tofauti yoyote. Walimu wanaosahihisha mitihani hadi usiku wa manane na kuamka alfajiri kwa ajili ya mchakamchaka wauangalie upya mpango huo.

Kuna jambo jingine, gumu zaidi, ambalo vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa Ulaya havilitaji. Tanzania ilitambua wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1983, mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili. Kizazi kizima cha Kanda ya Ziwa kilijifunza kwamba anayekonda anakwenda kaburini. Dawa zimebadilisha hali, lakini jicho halijasahau. Mtumishi anayepungua kilo nane huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa, shangazi humletea maziwa na mchele, na mumewe huambiwa na nduguze kwamba hamtunzi mkewe. Wapo ambao uzito wao umegoma kwa sababu hiyo na si nyingine: wamechoka kujieleza, wakaanza kula ili watu wanyamaze. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuongezewa zoezi. Anahitaji wenzake wanaojua anachokifanya, na wanaokisema hadharani.

Nchi hii iliwahi kuwa na mbinu ya kazi hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vidogo vya kusikiliza redio, kila kikundi na kitabu chake na mshauri wake, na mwaka 1975 ikafuata ya Chakula ni Uhai. Wakati ule adui alikuwa mbu, maji machafu na utapiamlo. Nguvu ya kampeni hizo haikuwa katika hotuba za uzinduzi. Ilikuwa katika kikundi kilichokutana tena wiki iliyofuata na kuulizana nani amechimba choo na nani bado. Jumamosi ya pili ya mwezi, kwa jinsi inavyoendeshwa mahali pengi, ina fulana na muziki wa kutosha, lakini haina wiki iliyofuata.

Tena penye mashindano ya ofisi, zawadi hupewa aliyepungua kilo nyingi kwa muda mfupi, yaani aliyejinyima zaidi na aliyeharishwa zaidi. Utaratibu huo ufutwe. Kama lazima zawadi itolewe, na apewe aliyeongeza mzigo anaouinua na kupunguza kiuno chake kwa wakati mmoja. Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, maana dozi yake huenda ikahitaji kubadilishwa; na ambaye amefungua leja kwa uaminifu, akapima kwa miezi miwili, na bado hakuna kinachosogea, naye apimwe, kwa kuwa yapo maradhi na dawa zinazozuia uzito kushuka.

Chuo cha Butimba, ofisi za Nyamagana na shule zilizo jirani hazihitaji bajeti kwa ajili ya hayo. Watu sita hadi kumi, siku moja ya wiki baada ya kazi, futi moja ya fundi, mawe na mifuko ya mchanga chini ya mwembe, na daftari la kurasa 96. Safu ya kwanza mzigo ulioinuliwa, ya pili kiuno, ya tatu saa za usingizi, ya nne tarehe ya dumu la mafuta. Kilo ziandikwe safu ya mwisho, mara moja kwa mwezi, kwa penseli.